USO MMOJA, SURA MBILI: KWA NINI KIOO NA PICHA HAVIPATANI

Ni jambo linalotokea katika nyumba nyingi, za kambini na za uraiani. Mtu huchana nywele, hunyoosha kola ya shati, hujitazama kiooni na kuridhika. Kisha huenda studio kupiga picha ya kitambulisho. Siku ya kuichukua picha ile, furaha humtoka. Pua anaiona kubwa, jicho moja dogo kuliko jingine, shavu moja limeshuka, na uso mzima kana kwamba ni wa ndugu yake wa mbali. Humwonyesha mkewe picha hiyo huku akinung'unika. Mkewe huitazama, kisha humjibu bila kusita: "Mbona ndiye wewe huyu, Baba?"

Lawama aghalabu humwangukia mpiga picha. Wengine huilaumu kamera, na wengine, ambao ndio wa kuhurumiwa zaidi, huzilaumu sura zao wenyewe. Hapo ndipo jambo dogo linapozaa makubwa. Wapo akina mama wanaojificha kila kamera inapotolewa, hata watoto wao hukua bila ya kuwa na picha ya mama yao alipokuwa kijana. Wapo vijana wanaokimbilia dawa za kujichubua kwa sababu ya picha moja iliyopigwa vibaya. Na kwa upande wa kazi, askari wa zamu kwenye kizuizi cha barabarani hana budi kuamua, katika muda wa sekunde chache, kama uso ulio mbele yake na picha iliyo mkononi mwake ni vya mtu mmoja. Akikosea, ama atamsumbua raia mwema, ama atampitisha mhalifu.

Kwa sababu hizo inafaa kuelewa ni kwa nini kioo na picha, vyombo viwili vinavyosifiwa kwa kusema kweli, hutoa ushahidi usiolingana.

KIOO HUGEUZA NINI?

Watu wengi husema kwamba kioo hugeuza kulia kuwa kushoto. Kauli hiyo haikukamilika. Mtu akisimama mbele ya kioo akielekea kaskazini, kisha akainua mkono wake ulio upande wa mashariki, mkono utakaoinuka kiooni nao utakuwa upande wa mashariki. Kichwa hubaki juu na miguu hubaki chini. Kinachogeuka ni mbele na nyuma: mtu anaelekea kaskazini, lakini sura yake iliyo kiooni inaelekea kusini. Mfano wake ni glavu ya mkono wa kulia. Glavu hiyo ikipinduliwa, ndani ikawa nje, huweza kuvaliwa mkono wa kushoto.

Hata hivyo, mtu anapomwona mwenzake anamkabili, akili yake huchukulia kwamba mwenzake huyo amegeuka kwa miguu yake. Ndiyo maana sura ya kiooni huonekana kama mtu aliyebadilishana kulia na kushoto. Askari mwenye nishani kwenye kifua cha kushoto akijitazama, humwona kiooni askari mwenye nishani kwenye kifua cha kulia, na jina lililoandikwa kwenye kibao chake husomeka kinyume. Kwa sababu iyo hiyo, katika nchi nyingi magari ya wagonjwa huandikwa neno lao kinyumenyume kwenye uso wa gari, ili dereva aliye mbele alisome sawasawa katika kioo chake na kupisha njia.

Picha ya kawaida haigeuzi hivyo. Humwonyesha mtu kama anavyoonwa na anayemkabili: kovu lililo kwenye shavu lake la kulia huonekana upande wa kushoto wa mtazamaji, kama lingeonekana uso kwa uso. Lakini haikuwa hivyo tangu mwanzo. Ufundi wa picha uliotangazwa Paris mwaka 1839 na Louis Daguerre, ambao ulitumia bamba la shaba lililopakwa fedha, ulitoa picha zilizogeuka kama sura ya kiooni. Picha zilizopigwa juu ya bamba la chuma, zilizoenea baadaye katika karne hiyo, nazo zilikuwa hivyo.

Kugeuka huko kuliwahi kupotosha hata historia. Kijana wa Marekani aliyejulikana kwa jina la Billy the Kid, jambazi aliyeuawa kwa risasi huko New Mexico mwaka 1881, aliacha picha moja mashuhuri iliyopigwa juu ya bamba la chuma. Katika picha hiyo bastola yake inaonekana upande wa kushoto, na kwa miaka mingi watu walimwita mpigaji wa mkono wa kushoto. Mwaka 1958 ilitolewa hata filamu ya sinema yenye jina linalotokana na imani hiyo. Ushahidi wa kuikanusha ulikuwa mumo humo katika picha. Bunduki aliyoishika ni Winchester ya mwaka 1873, na bunduki za aina hiyo zilitengenezwa zikiwa na mlango wa kuingizia risasi upande wa kulia. Katika picha mlango huo uko kushoto. Basi kilichogeuka ni picha nzima, na bastola ilikuwa upande wa kulia. Ilimpasa mtu anayeijua silaha kuutambua ukweli ambao watazamaji wa uso hawakuuona.

MAZOEA YANA TAABU

Kama uso wa mwanadamu ungekuwa na pande mbili zinazolingana kabisa, kugeuka huko kusingeonekana. Lakini nyuso zilizolingana kabisa hazipo. Nyusi moja hukaa juu kidogo kuliko ya pili, pua huelekea upande mmoja, tabasamu huanzia pembe moja ya mdomo, na nywele hugawanywa kwa mstari upande mmoja wa kichwa. Kila asubuhi mwenye uso hujiona katika kioo. Tofauti zake zote amezizoea zikiwa upande ule wa kiooni, na hazioni tena. Zikihamia upande wa pili katika picha, huzikuta kama ngeni. Jicho dogo ambalo hakulitia maanani kwa miaka 20 linamkodolea sasa kutoka upande asioutazamia.

Jambo hili limethibitishwa kwa majaribio. Mwaka 1968 mwanasaikolojia Robert Zajonc wa Marekani alionyesha kwamba binadamu huelekea kukipenda kitu kwa sababu tu amekiona mara nyingi, hata kama kitu chenyewe hakina faida wala maana kwake. Mwaka 1977 wataalamu watatu, Theodore Mita, Marshall Dermer na Jeffrey Knight, waliutumia ugunduzi huo kuchunguza nyuso. Waliwapiga picha wanawake waliokuwa wanafunzi wa chuo kikuu katika mji wa Milwaukee, kisha kila picha wakaisafisha kwa namna mbili: moja kama kawaida, na nyingine ikiwa imegeuzwa kama sura ya kiooni. Wenye picha, kwa wingi wao, walichagua ile ya namna ya kiooni. Wapenzi na marafiki zao walichagua ile ya kawaida. Wote walikuwa wakitazama uso mmoja, na kila mmoja aliupenda upande alioushinda akiutazama.

Matokeo hayo yana faraja ndani yake, nayo yafaa kukumbukwa na kila anayeichukia picha yake. Ile sura ya pichani inayomwudhi mwenyewe ndiyo sura ambayo mumewe, watoto wake na mama yake mzazi wameizoea na kuipenda. Wao hawajaishi na sura ya kiooni. Wakiiona, ndiyo itakayowashangaza.

Lipo na jambo la pili. Wahenga walisema kwamba ukipenda, chongo huita kengeza, na mtu wa kwanza kupendwa na mtu ni nafsi yake. Mwaka 2008 Nicholas Epley na Erin Whitchurch walichapisha uchunguzi ambamo watu walionyeshwa picha zao zilizobadilishwa kidogo, nyingine zikapambwa na nyingine zikaharibiwa, wakaombwa kuonyesha ipi ni yao hasa. Wengi walielekea kuchagua iliyopambwa kidogo. Sura ambayo mtu anaibeba kichwani mwake, basi, ni nzuri zaidi kidogo kuliko ile ambayo kamera imeikuta.

UMBALI HUBADILI PUA

Sababu ya tatu ni ya hesabu tupu, nayo ni umbali. Kitu kilicho karibu huonekana kikubwa, na kilicho mbali huonekana kidogo. Hilo hata mtoto analijua. Lakini wachache hukumbuka kwamba uso nao una vitu vya karibu na vya mbali. Ncha ya pua iko mbele ya masikio. Ichukuliwe kwamba nafasi baina yao ni sentimita 10. Kamera ikiwa sentimita 30 kutoka puani, masikio yatakuwa umbali wa sentimita 40, na pua itaonekana imekuzwa kwa theluthi moja ikilinganishwa na masikio. Kamera hiyo ikirudishwa nyuma hadi mita moja na nusu, ukuzaji huo hupungua hadi chini ya sehemu 7 kwa 100, kiasi ambacho jicho halikitambui.

Mwaka 2018 madaktari na wanahesabu wa Marekani, mmoja wao akiwa Boris Paskhover wa Chuo Kikuu cha Rutgers, walitangaza hesabu zao juu ya picha ambazo watu hujipiga wenyewe kwa simu. Waligundua kwamba kwa umbali wa takriban sentimita 30, upana wa pua huonekana umeongezeka kwa asilimia 30 hivi, kwa wanaume na kwa wanawake. Kwa umbali wa mita moja na nusu upotofu huo ni kama haupo. Kilichowasukuma kufanya hesabu hizo ni wagonjwa waliokuja kuomba kupasuliwa pua, wakiwa na picha za simu mkononi kama ushahidi. Watu walikuwa tayari kuingia chini ya kisu kwa kosa la umbali.

Kioo kwa upande huu humtendea mtu wema. Sura ya kiooni hukaa nyuma ya kioo kwa umbali ule ule ambao mtu yuko mbele yake. Anayesimama sentimita 60 kutoka kwenye kioo hujiona kana kwamba yuko sentimita 120 kutoka kwake, na kwa umbali huo pua hukaa mahali pake.

Msomaji anaweza kulihakikisha hilo kwa kipande cha sabuni. Asimame mbele ya kioo, afumbe jicho moja, kisha achore kwa sabuni juu ya kioo mzunguko wa uso wake kama anavyouona, kutoka utosini hadi kidevuni. Akiupima mchoro huo kwa rula, kisha akaupima uso wake, atakuta kwamba mchoro ni nusu tu ya uso. Akisogea nyuma hatua tatu na kuchungulia tena, uso wake bado utaingia katika mchoro ule ule. Kioo daima kiko katikati ya mtu na sura yake, na kitu kinachopimwa katikati ya safari huwa nusu ya ukubwa wake. Kwa sababu hiyo pia, anayetaka kujiona kuanzia kofia hadi viatu hahitaji kununua kioo chenye urefu wa kimo chake. Nusu ya kimo hutosha, mradi kitundikwe mahali panapofaa ukutani.

MACHO MAWILI, JICHO MOJA

Mwanadamu hujitazama kiooni kwa macho mawili, na kwa hayo huona kina: pua imetokeza, mashavu yamerudi nyuma, shingo iko mbali zaidi. Kamera ya kawaida ina jicho moja. Huchukua uso wenye milima na mabonde na kuulaza juu ya karatasi, na shingo na kidevu huweza kuonekana vimeshikana.

Tena, sura ya kiooni ni hai. Anayejitazama hugeuza shingo kidogo, huinua kidevu, hutabasamu kwa namna anayoijua, na hayo yote huyafanya bila hata kufikiri, hadi apate pembe inayompendeza. Picha hukata kipande kimoja cha wakati, pengine sehemu moja kwa mia ya sekunde, na kipande hicho huweza kuangukia katikati ya kupepesa macho au kumeza mate. Katika mazungumzo hali kama hizo hupita bila kuonekana. Katika picha hudumu miaka.

Mwanga nao una neno lake. Taa ya kamera inayomulika moja kwa moja usoni hufuta vivuli vinavyoupa uso umbo, na huacha mng'ao kwenye paji la uso. Jua la saa sita mchana hutia macho ndani ya vivuli vya nyusi. Kwenye kioo cha nyumbani mtu huwa amechagua mahali bila kujua, aghalabu karibu na dirisha ambako mwanga huja kwa upole kutoka ubavuni. Hata mahali pa kusimama katika picha ya kikundi pana athari: lenzi inayopokea eneo pana huwavuta walio pembeni, na mtu mwembamba aliyesimama mwisho wa safu huweza kuonekana mnene.

RANGI YA NGOZI NA FILAMU

Kwa wasomaji wa Afrika iko sababu nyingine, ambayo haikutokana na maumbile bali na uamuzi wa watu. Kwa miaka mingi filamu za rangi zilitengenezwa na kusahihishwa kwa kufuata ngozi nyeupe. Kampuni ya Kodak ya Marekani ilizipelekea maabara za kusafishia picha kadi yenye picha ya mwanamke mweupe, iliyoitwa kadi ya Shirley, ili mafundi wapatanishe rangi zao na ngozi yake. Ngozi iliyotoka sawa katika kadi hiyo ilihesabiwa kuwa ndiyo sahihi. Mweusi aliyepigwa picha kwa filamu hizo aliweza kuonekana macho na meno tu, na watoto weusi na weupe wakipigwa pamoja, wa kwanza walizama gizani.

Mtafiti Lorna Roth wa Canada, aliyechapisha uchunguzi wake mwaka 2009, aliandika kwamba msukumo mmojawapo wa kurekebisha filamu hizo ulitoka kwa wenye viwanda vya chokoleti na vya samani. Walilalamika kwamba rangi za bidhaa zao za kahawia hazikutokea vyema pichani. Malalamiko ya mbao yalisikiwa mapema kuliko ya watu.

Picha ilitumika hata kama pingu. Huko Afrika Kusini, wakati wa ubaguzi wa rangi, kila Mwafrika mtu mzima alilazimishwa kuchukua kitabu cha pasi chenye picha yake. Mwaka 1970 wafanyakazi wawili weusi wa kampuni ya Polaroid mjini Cambridge, katika jimbo la Massachusetts, Caroline Hunter na Ken Williams, waligundua kwamba vyombo vya kampuni yao vilitumika kutengenezea picha za pasi hizo, wakaanzisha upinzani. Hunter alifukuzwa kazi. Mwaka 1977 kampuni hiyo ilisitisha biashara yake Afrika Kusini.

Hali imekuwa ikibadilika. Filamu za miaka ya baadaye zilipanuliwa uwezo wa kupokea rangi za kahawia na nyeusi, na mwaka 2021 kampuni ya Google ilitoa simu ambazo kamera zake zilisahihishwa makusudi kwa ajili ya ngozi za rangi mbalimbali. Hata hivyo lipo funzo la kushika. Anayejiona mweusi kupita kiasi katika picha hakuona rangi yake. Ameona upungufu wa chombo au wa mwanga. Kujichubua kwa sababu hiyo ni kuuadhibu mwili kwa kosa la kamera. Tena adhabu yenyewe ni kali, kwani Shirika la Afya Duniani limeonya kwamba zebaki, inayotiwa katika baadhi ya krimu na sabuni hizo, hudhuru figo, na huweza kumdhuru hata mtoto aliye tumboni.

PICHA MKONONI MWA ASKARI

Mtu wa kwanza kuipa polisi nidhamu ya picha alikuwa Alphonse Bertillon, aliyeingia polisi ya Paris mwaka 1879 kama karani. Kabla yake wahalifu walipigwa picha ovyo, kila studio na mwanga wake. Bertillon aliagiza kila mtu apigwe picha mbili, moja ya uso na moja ya ubavuni, kwa umbali, mwanga na kiti visivyobadilika. Alitambua lile ambalo limeelezwa hapo juu: umbali ukibadilika, uso nao hubadilika, na picha mbili za mtu mmoja huweza kuonekana za watu wawili.

Hata kwa utaratibu huo, kulinganisha uso wa mtu mgeni na picha yake ni kazi ngumu kuliko inavyodhaniwa. Mwaka 1997 wataalamu wa Uingereza walichapisha jaribio lililofanywa katika duka kubwa. Wanunuzi walipewa kadi za benki zenye picha, nyingine zikiwa na picha za watu wengine. Ingawa wauzaji walijua kwamba wanajaribiwa, waliipokea zaidi ya nusu ya kadi za uongo. Mwaka 2014 David White na wenzake walitangaza matokeo ya kuwapima maofisa wa pasipoti wa Australia. Walikubali kimakosa asilimia 14 ya picha zisizo za mtu aliyesimama mbele yao, na waliotumikia kwa miaka mingi hawakuwa bora kuliko wapya.

Mashine nazo si hakimu asiyekosea. Mwaka 2018 Joy Buolamwini na Timnit Gebru walichunguza programu zinazotambua jinsia ya mtu kwa kutazama uso wake, wakitumia picha za wabunge wa nchi sita, zikiwamo Rwanda, Senegal na Afrika Kusini. Kwa wanaume weupe kosa halikuzidi asilimia 0.8. Kwa wanawake weusi lilifika asilimia 34.7 katika programu iliyofanya vibaya zaidi.

Basi askari wa zamu afanyeje? Kwanza, asitegemee nywele, ndevu, unene wala rangi ya ngozi, kwani hayo hubadilika kwa kinyozi, kwa chakula na kwa mwanga. Atazame vitu visivyobadilika kwa urahisi: umbo la masikio, makovu, chale na alama za kuzaliwa. Pili, asikimbilie kumshuku mtu kwa sababu alama iliyo shavuni inaonekana kuhamia upande wa pili. Simu nyingi humwonyesha mtu kama kioo anapojipiga mwenyewe, na baadhi huihifadhi picha ikiwa imegeuka hivyo. Dalili ya kugeuka hutafutwa kwenye maandishi na mavazi: shati la kiume huwa na vifungo upande wa kulia wa mvaaji na matundu upande wa kushoto. Yakionekana kinyume, yamkini picha imegeuzwa. Tatu, akibaki na shaka, aulize na ahakikishe kwa njia nyingine kabla ya kuhukumu. Ugumu huo ni wa macho ya binadamu wote, na kuukiri ni sehemu ya kazi.

NYUMBANI

Anayetaka kujiona kama wengine wanavyomwona anaweza kufanya hivyo kwa vioo viwili. Aviunganishe ubavu kwa ubavu, wima, vikifanya pembe mraba kama pembe ya chumba, kisha ajitazame penye kiungo. Sura atakayoiona haikugeuka. Akiinua mkono wa kulia, sura nayo itainua wa kulia, na uso wake utamshangaza kidogo, kama wa mtu anayefanana naye. Asijaribu kunyoa ndevu mbele ya vioo hivyo, kwani wembe utakwenda asikokusudia, na watoto wachezao karibu wakingwe na kingo za kioo.

Anayetaka picha inayofanana naye, apigwe na mtu mwingine aliye umbali wa mita moja na nusu au zaidi, kamera ikiwa sawa na macho yake. Akae karibu na dirisha au kivulini penye mwanga wa kutosha, taa ya kamera isimmulike moja kwa moja, na apigwe mara kadhaa ili kupepesa macho kusiharibu yote. Akiisha kupigwa, asiichague yeye mwenyewe. Mwaka 2016 White na wenzake walionyesha kwamba picha ambazo mtu hujichagulia, akidhani ndizo zinazofanana naye zaidi, hazimsaidii kutambuliwa kama zile zilizochaguliwa na watu wasiomjua kabisa. Kwa picha ya kitambulisho, basi, kazi hiyo wapewe mke, mume au jirani.

Kioo humwonyesha mtu kwa upande uliogeuka lakini kwa umbali mwema; picha humwonyesha kwa upande sahihi lakini pengine kwa umbali mbaya, mwanga mbaya na wakati mbaya. Hakuna kati ya viwili hivyo kinachosema kweli yote. Mwenye haki zaidi ya kutoa ushahidi ni yule anayemwona mtu kila siku, akicheka, akila na akizungumza. Askari aliye mbali na nyumbani akiomba picha ya familia, mama asisite kusimama mbele ya kamera kwa sababu hapendi pua yake inavyotoka. Picha hiyo haitatazamwa na yeye. Itatazamwa na mtu aliyeuzoea uso huo kwa upande wake sahihi, naye ataufurahia ulivyo.